Bruchi ya Fedha ya Bibi: Namna ya Kuitafutia Asili Yake

Nyumba nyingi za zamani, Unguja na Pemba, zina kijaluba chake. Akiondoka mwenyewe, hufunguliwa siku ya kugawana, na humo hutoka pete mbili tatu, bangili iliyovunjika, sarafu ambazo dukani hazipiti tena, na mara moja moja bruchi ya fedha, lile pambo la kubania nguo kwa sindano, iliyofanya weusi. Hapo kila aliyekaa kwenye mkeka huwa na kauli. Mmoja atasema imetoka Maskati. Mwengine atasema bibi alitunzwa na mke wa Sultani. Kijana wa mwisho ataigeuza mara moja na kusema ni bati.

Ya kwetu ilitoka kwenye kasha la bibi yetu Wete: mviringo mrefu kama yai, majani yamechorwa ukingoni, ndege wawili katikati. Akiivaa kifuani siku za harusi, kubania kikuba cha asumini. Hadithi ya nyumbani ilikuwa ile ya mke wa Sultani, na mimi niliiamini mpaka nilipoigeuza vizuri. Haya ninayoyaandika ndiyo njia niliyoipita, pamoja na makosa niliyoyafanya ili wewe usiyarudie.

Kabla ya yote, litenge neno lenyewe. Tukiuliza "asili yake wapi?" huwa tumeuliza maswali matatu kwa pamoja: fedha yenyewe imetoka wapi, nani aliifua na mji gani, na ilifikaje nyumbani. Katika visiwa hivi majibu hayo matatu mara nyingi hayakai nchi moja. Reale ya Austria, sarafu ya fedha, ilikuja na jahazi, ikayeyushwa na sonara aliyezaliwa Kachi, Uhindi, ikavaliwa na bibi mwenye asili ya Oman shambani Pemba. Ukimuuliza kila mtu wa hapo kito ni cha wapi, kila mmoja atajibu kweli na watagombana. Basi tuyajibu moja moja.

Hatua ya kwanza: ukwaju uweke mbali

Tumelelewa kuwa fedha ikifanya weusi husuguliwa kwa ukwaju, au limau na majivu, mpaka iwake. Siku hizi watu hutia dawa ya meno. Usifanye hivyo bado. Ule weusi uliokaa ndani ya mistari ndio unaoufanya mchoro na muhuri usomeke, na ukiuondoa, muhuri uliochakaa hupotea ndani ya mng'ao. Majivu na dawa ya meno vina chembe zinazokwaruza, na muhuri wa bruchi mara nyengine hauzidi punje ya mtama. Bruchi zetu nyingi zimesuguliwa kila Idi kwa miaka. Kilichobaki ni kidogo, kihifadhi.

Kama ina uchafu wa mafuta na poda, tia tone la sabuni ya maji katika maji ya uvuguvugu, tumia mswaki laini wa mtoto, halafu ikaushe kwa kitambaa cha pamba. Lakini usiitumbukize majini ikiwa ina lulu, mawe yaliyogandishwa kwa gundi, au kioo. Na kioo hicho kiangalie vizuri: Waingereza wa zama za Malkia Victoria walikuwa na desturi ya kuweka nywele za marehemu wao nyuma ya kioo cha bruchi kama ukumbusho. Usije ukadhani bibi alifanyiwa jambo.

Hatua ya pili: mezani

Kaa dirishani asubuhi, mwanga ukiingia kwa ubavu. Uwe na simu yenye kamera nzuri, rula, karatasi nyeupe, uzi mwembamba, sumaku (ya spika mbovu inatosha), mizani ndogo inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, na ile lensi ya jichoni wanayotumia masonara na mafundi saa, inayokuza mara kumi. Piga picha mbele, nyuma na pembeni, rula ikiwa imelala pale pale. Andika urefu, upana na uzito. Hili ni la dakika kumi tu, ila usiliruke, maana baadae utataka kumwonyesha mtu bila ya kuitoa bruchi nyumbani.

Sumaku ipitishe juu yake. Fedha haivutwi na sumaku. Ikiwa mwili wote unarukia sumaku, ndani mna chuma. Ikiwa ni sindano tu inayovutwa, usiwe na wasiwasi, sindano nyingi zilikuwa za chuma. Na kutovutwa hakuthibitishi kitu, kwa sababu shaba nayo haivutwi.

Hatua ya tatu: igeuze

Uso wa bruchi ulifanywa upendeze watu, mgongo ulifanywa ushike nguo. Kwa hiyo fundi huku nyuma alifanya anavyofanya kila siku, bila kujipamba, na kazi yake hiyo inakupa zama zake.

Anza na sindano. Ikiwa ni ndefu mpaka inapita ukingo wa bruchi, uwezekano mkubwa ni kazi ya karne ya 19, ambapo nguo zilikuwa nzito na sindano ilibidi irudishwe ndani ya kitambaa. Kisha angalia kinachoishika. Kulabu tupu, iliyokunjwa kama herufi C bila ya kufuli lolote, ni ya zamani; ilitumika karne ya 19 yote na kuendelea kidogo baada yake. Kulabu yenye kikomeo kidogo kinachozunguka ili sindano isitoke ni ya karne ya 20. Upande wa pili tazama bawaba: vijibomba viwili au vitatu vilivyopangwa na kupitishwa msumari ni kazi ya mkono, bawaba iliyopigwa kwa mashine na kubandikwa na kisahani chake ni ya baadae.

Hapa ndipo nilipokosea mwanzo. Sindano ya bruchi yetu ni waya mnene wa shaba ya njano, uliopindwa kwa koleo. Nikasema: hii imefanywa hapa hapa. Kumbe sindano si bruchi. Hewa yetu ya chumvi huila sindano ya chuma kwa haraka, ikikatika hupelekwa kwa fundi, naye hutia alichonacho. Kabla ya kuamua chochote kwa sindano, tafuta dalili za matengenezo: lehemu ya kijivu iliyovimba kama tone (hiyo ni risasi, si lehemu ya fedha), kovu la pahala bawaba ya mwanzo ilipokuwa imekaa, au rangi mbili tofauti za chuma. Ukiziona, jua una kitu chenye mafundi wawili. Fundi wa pili naye ni sehemu ya asili yake, mwandike kwenye mstari wake, usimchanganye na wa kwanza.

Hatua ya nne: mihuri

Muhuri hupigwa mgongoni, kwenye kulabu, ukingoni, mara nyengine kwenye sindano yenyewe. Ukiwa hausomeki, kuna hila moja nzuri. Washa mshumaa, pitisha pahala penye muhuri juu ya moshi mpaka paingie masizi membamba, acha papoe, halafu bandika selotepu, ivute taratibu na uigandishe kwenye karatasi nyeupe. Muhuri utatoka kama alama ya kidole. Piga picha, ikuze kwenye simu. Usifanye hivi penye lulu, jiwe au gundi.

Uingereza ndiyo iliyopanga mambo haya kuliko wengine, na kwa kuwa Unguja na Pemba zilikuwa chini ya himaya yake tangu 1890 mpaka 1963, bruchi nyingi za Kiingereza zilikuja huku na mabibi wa maofisa, wamisionari wa Mkunazini, na zaidi na makasha ya wafanyabiashara. Utafute simba anayetembea kwa ubavu, mguu mmoja wa mbele kauinua: huyo anasema fedha ni ya kiwango cha 925, yaani sehemu 925 kati ya 1000. Pembeni yake kuna alama ya mji. Nanga ni Birmingham, mji usio na bahari. Kichwa cha chui ni London. Taji ni Sheffield, mpaka walipobadilisha 1975. Ngome yenye minara mitatu ni Edinburgh, ila huko hawakupiga simba huyo anayetembea. Upanga na miganda mitatu ya ngano ni Chester, ambako ofisi ilifungwa 1962. Mtu wa kwetu akiona nanga hufikiri meli. Ni Birmingham, na bruchi ndogo za fedha za Kiingereza zilizo nyingi zimetoka huko.

Kisha kuna herufi moja ndani ya ngao. Hiyo ni ya mwaka. Kila mwaka herufi hubadilika, zikimalizika huanza upya kwa umbo jengine la herufi na ngao. Birmingham walianza upya 1875, tena 1900, tena 1925. Maana yake herufi peke yake haitoshi. Yetu ilikuwa na "t" ndogo, na "t" ndogo ni 1893 au 1918, inategemea imeandikwa vipi. Nilikaa nayo siku mbili kwenye lensi mpaka nikaona pembe za mwandiko wa Kigothi: 1893. Majedwali ya herufi hizi yapo kwenye intaneti bure, linganisha umbo la ngao pia. Herufi za mwisho, mbili au tatu kwa pamoja, ni za mwenye karakana.

Baadhi ya vitu hivyo vina na kichwa cha mfalme au malkia, alama ya kodi iliyolipwa, iliyoanza 1784 na kuondoshwa 1890. Kikiwa ni hicho cha kodi, bruchi ni ya 1890 au kabla yake. Kisipokuwepo usiseme ni ya baada ya hapo, maana vitu vidogo vingi vilisamehewa. Na bruchi nyingi nzuri za Kiingereza hazina muhuri wowote kwa sababu hiyo hiyo ya udogo.

Ukiona almasi iliyochorwa, ina herufi na nambari kwenye pembe zake, hiyo si muhuri wa fedha, ni usajili wa mchoro, uliotumika 1842 mpaka 1883. Kuanzia 1884 ikawa ni "Rd" na nambari, na nambari hizo zinapanda mwaka kwa mwaka, kwa hiyo zinakupa mwaka ambao mchoro ulisajiliwa.

Sasa mtego ambao unawanasa hasa watu wa kwetu: hilali na taji. Ukiona mwezi mwandamo umepigwa kwenye fedha, moyo unakwenda Istanbul au Makka. Mwezi huo na taji pembeni yake, pamoja na nambari 800, ni Ujerumani, kwa sheria iliyoanza kufanya kazi 1888. Wala si ajabu kuikuta hapa: kampuni za Hamburg, O'Swald miongoni mwao, zilifanya biashara Unguja tangu katikati ya karne ya 19, na Wajerumani walitawala ng'ambo yetu bara mpaka Vita Vikuu vya Kwanza. Kazi ya Kituruki ya zama za Uthmaniya hupigwa tughra ya Sultani wao, ule mwandiko uliosukwa kama tanga, haina mwezi na taji namna hiyo.

Mengine nitayapita kwa haraka. Kichwa cha nguruwe mwitu au kaa mdogo ni Ufaransa tangu 1838. Nambari 84 ni Urusi, wakihesabu kwa kipimo chao cha zolotniki, sawa na 875. Neno "Sterling" limeandikwa kamili bila ya simba wala mji, mara nyingi ni Marekani. "Siam Sterling" kwenye bruchi yenye wachezaji ngoma wa fedha juu ya ardhi nyeusi ni Thailand, karne ya 20. Hizi zilipendwa sana na mabaharia na zimeenea bandari zote. Na "EPNS", "Alpacca" au "German Silver" ni habari mbaya: hapo hamna fedha, au kuna ngozi nyembamba tu juu ya shaba iliyochanganywa na nikeli.

Hatua ya tano: ikiwa haina muhuri hata mmoja

Hili ndilo litakalowatokea wengi, maana kazi nyingi za masonara wa hapa hazina muhuri. Hapo utausoma mkono wa fundi.

Masonara wengi wa Unguja wa zamani walikuwa na asili ya Uhindi, hasa Kachi, na Kachi ina mkono wake unaojulikana: majani na maua yaliyosukwa yakajaza kila upenyo, yamefuliwa kutoka nyuma mpaka yakavimba mbele, na baina yao ndege, tembo, mara nyengine mwindaji. Hakuna pahala palipoachwa patupu. Fundi mashuhuri kuliko wote wa huko, Oomersi Mawji wa Bhuj, alipiga herufi "OM" na jina la mji wake. Hiyo ukiipata, usiitoe nyumbani bila ya kuuliza. Kachi walifanya bruchi na vikasha kwa ajili ya Wazungu, kwa hiyo umbo la Kizungu lenye majani ya Kachi ni jambo la kawaida.

Kazi ya Kiomani ni nyengine kabisa. Vito vya jadi vya Oman, vya Nizwa na kwengineko, ni vya kuning'inia na kufunga: mikufu minene, vikasha vya hirizi, mitali, na vijinjuga vinavyolia. Bruchi ya sindano si desturi yao. Kwa hiyo ukiambiwa "hii bruchi ya Maskati", tazama kwa makini kama haikuwa kitu chengine kabla: kipande cha kidani, kifuniko cha hirizi, sehemu ya ala ya jambia, kilichokatwa na kutiwa sindano. Vitundu viwili visivyo na kazi juu, au vipete vitatu vilivyosagwa chini ambavyo zamani vilishika njuga, vitakwambia. Mapambo yake ni chembe ndogo za fedha zilizopangwa kama mbegu za ufuta, waya uliosokotwa, na pengine ngozi nyembamba ya dhahabu iliyogandishwa juu ya fedha. Kazi ya chembe na nyuzi iliyo nyembamba zaidi, imekaa kama kamba ya buibui wa ukutani, inaweza kuwa ya Yemen, ambako mafundi mashuhuri wa fedha walikuwa Mayahudi wa Sanaa mpaka wengi wao walipohama mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950.

Halafu kuna bruchi za sarafu, na hizi ndizo nizipendazo. Mtu alichukua sarafu, akatia sindano nyuma, basi. Ukiikuta, una bahati: fedha yake ina cheti. Reale ya Maria Theresa ina picha ya mwanamke mnene wa kifua, chini yake herufi "S.F.", nayo huwa na uzito wa gramu 28 na kitu, na kiwango cha 833. Lakini isikupumbaze na mwaka wake. Zote zimeandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia mwenyewe, na ziliendelea kupigwa Vienna na baadae miji mengine, Rome, London, Bombay, mpaka karne ya 20, zote na 1780 ile ile. Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi walikataa mwaka mwengine wowote. Rupia ya India ni afadhali: kwa nyingi mwaka ni wa kweli. Ina gramu 11.66, kiwango cha 917, na Malkia Victoria akiandikwa "Queen" ni kabla ya 1877, akiandikwa "Empress" ni 1877 au baada yake. Rupia ilitumika Unguja na Pemba mpaka 1936 ilipokuja shilingi. Reale ya Sayyid Barghash, ya mwaka 1299 wa Hijra, sawa na 1882, ni adimu. Ukiona maandishi ya Kiarabu yenye jina lake kwenye fedha, usiikune hata kwa kucha.

Kwa sarafu yoyote kumbuka: mwaka wake unakwambia bruchi haikufanywa kabla ya hapo. Baada ya hapo, hata miaka hamsini, inawezekana.

Na rupia ina faida nyengine. Uzito wake ni sawasawa na tola moja ya masonara. Mteja alipeleka rupia zake kumi, sonara akazirudisha bangili ya tola kumi akitoa upotevu na ujira. Kwa hiyo kito kisicho na muhuri chenye uzito unaogawika vizuri kwa 11.66 kinaweza kuwa kilianza maisha yake mfukoni. Hii ni dalili, si ushahidi, nimeiona ikidanganya.

Hatua ya sita: maji yaseme kama ni fedha

Njia hii haikwaruzi kitu. Weka gilasi ya maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri. Funga bruchi kwa uzi, izamishe yote ndani ya maji bila ya kugusa chini wala ubavuni, na usome mizani. Nambari hiyo ni ujazo wa bruchi kwa sentimita za ujazo. Chukua uzito wake mkavu, ugawe kwa nambari hiyo. Fedha safi hutoa 10.5, ya 925 hutoa kama 10.3 au 10.4, ya 800 kama 10.1. Shaba ya njano na ile "fedha ya Kijerumani" haziyafikii 9. 

Yetu mkavu ilikuwa gramu 7.28, majini ikasoma 0.71. Jibu 10.25: fedha ya 925 iliyoshushwa kidogo na sindano yake ya shaba. Ndiyo maana nimesema mizani ya sehemu ya mia. Kwa mizani ya jikoni ningesoma 0.7 au 0.8, na hapo jibu linaruka kutoka 10.4 mpaka 9.1, yaani kutoka fedha mpaka sijui nini. Gonga uzi ili viputo vya hewa vitoke, na ikiwa bruchi ina jiwe kubwa au imefungwa ikaacha uwazi ndani, usihangaike na hesabu hii.

Hatua ya saba: kwa sonara

Sasa nenda Mji Mkongwe, au Chake, kwa sonara mtu mzima. Usianze kwa kuuliza bei. Ukiuliza bei atakupa ya uzito, na bei ya uzito ni bei ya kuyeyusha. Mwambie: "Mzee, nataka kujua mkono wa nani huu." Wengi hufurahi, maana ni siku nyingi hajaulizwa hivyo, maharusi wa leo wanataka dhahabu na fedha za bibi zao zimekwenda kwenye chungu. Akitaka kuisugua kwenye jiwe la kujaribia na kutia dawa, mwombe aguse pahala pa nyuma pasipo na muhuri, na ukae uione kwa macho yako. Tupa, yaani file la kusagia, mwambie hapana. Kuna jamaa yangu aliacha kito chake kwa fundi "kitazamwe" na akarudishiwa kinang'ara, mgongo laini kama kijiko, muhuri umekwenda.

Ukiona kwenye bruchi kuna gamba la ng'amba au pembe ya ndovu pamoja na fedha, furahia nyumbani. Kuisafirisha nje ya nchi bila ya vibali ni kosa, hata ikiwa ni ya zamani.

Hatua ya nane: wazee

Nimeiweka baada ya maji na lensi kwa makusudi. Ukianza na wazee utasikia hadithi, na baada ya hapo macho yako yataona hadithi hiyo tu.

Namna ya kuuliza ni kazi. Usiulize "bi mkubwa, bruchi hii imetoka wapi?" Atakujibu alichosikia. Shikamoo kwanza, kaa, kunywa chai, halafu mpe mkononi. Mwache aishike. Kisha uliza la macho yake: "Ulimwona lini mwanzo kaivaa? Harusi ya nani? Alikuwa keshahamia nyumba ya pili, au bado?" Mtu husahau mwaka lakini hasahau harusi ya nani. Shangazi yangu wa Wete, ambaye kwa miaka yote alikuwa akirudia habari ya mke wa Sultani, aliishika, akakaa kimya, akasema: "Lakini hii si ile. Ile ya Sultani ilikuwa ya kina fulani, jirani. Hii mama mkwe wa bibi yako aliinunua mwaka ule karafuu zilizozaa." Aliinunua kwa nani? "Kwa Mhindi, dukani. Alinunua na cherehani siku hiyo."

Basi. Hadithi ya miaka hamsini ilikuwa ya nyumba ya pili, imevuka uchochoro na kuingia kwetu.

Picha za zamani zinasaidia kuliko maneno. Tafuta za harusi, geuza nyuma, muhuri wa studio upo pale. Gomes na baadae Capital Art Studio walipiga picha watu wengi wa Unguja, na muda wa kazi za studio hizo unajulikana. Tulipata moja ya miaka ya 1950, mama mkwe wa bibi kakaa kwenye kiti, na kifuani ndege wawili. Ukiwa na jina kamili la mwenyewe na mwaka aliofariki, Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina mafaili ya mirathi ya zama za Himaya, na humo mara nyengine vito huorodheshwa kimoja kimoja. Makumbusho nayo ni ya kwenda kuyaona, ulinganishe kwa macho.

Hatua ya tisa: andika

Chukua karatasi, andika kwa kalamu ya risasi isije wino ukaingia fedhani, na uikunje ndani ya kijaluba pamoja na bruchi. Tenganisha ulichokiona, ulichoambiwa na unachokisia. Bruchi itie kwenye kitambaa cha pamba, si mfuko wa plastiki na wala si mpira. Mpira una kiberiti ndani yake na hufanya fedha iwe nyeusi kwa wiki chache.

Ya kwetu inasema hivi:

"Bruchi, gramu 7.28, ndege wawili. Imefuliwa Birmingham, Uingereza, 1893 au mwanzo wa 1894. Mihuri: nanga, simba, t. Sindano ya shaba imetiwa baadae, fundi hajulikani, pengine Wete. Shangazi kasema ilinunuliwa dukani Wete na mama mkwe wa bibi, msimu mkubwa wa karafuu, mwaka haujulikani, siku moja na cherehani. Imeonekana kwenye picha ya miaka ya 1950. Habari ya mke wa Sultani si ya bruchi hii. Cherehani ipo kwa mjomba, nambari yake bado hatujaisoma."